Mlango Watazama Wapi? Matembezi Kutoka Ngomeni Hadi Kuze



Ndugu msomaji, mjukuu wangu wa miaka 10 alirudi kutoka shule na kazi ambayo mwanzoni niliiona ya kitoto. Mwalimu wao aliwataka wachore ramani ya Ngomeni, ile ngome ambayo vitabu huiita Fort Jesus, pamoja na Mji wa Kale ulio ubavuni mwake, kisha waeleze kwa sentensi chache kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo. Mama yake, ambaye ni binti yangu, akaniletea daftari. "Baba," akaniambia, "hii ni kazi yako. Sisi tumezaliwa Kisauni. Wewe ndiwe mzaliwa wa Kuze."

Niliitikia, lakini moyo ulisita. Wiki hiyo hiyo sisi ndugu saba tulikuwa tukutane Kuze kukata shauri juu ya nyumba ya marehemu baba yetu. Dalali alikuwa amekwisha kuleta mnunuzi, na mnunuzi amekwisha kutaja bei. Sitaki kujificha mbele ya wasomaji wangu: aliyempigia simu dalali nilikuwa mimi. Nyumba ni ya mawe, ya zamani. Boriti zake zimeanza kuliwa na mchwa, na kila masika ukuta mmoja hunywa maji hadi chokaa ikabambuka. Mimi nina deni, na ndugu zangu wawili wana watoto vyuoni. Nilijiambia kwamba nyumba ni mawe na chokaa tu, na kwamba walio hai wana haki zaidi kuliko mawe.

Basi Jumamosi asubuhi nikamshika mkono mjukuu wangu, tukapanda matatu, tukavuka daraja la Nyali na kuingia kisiwani.

NGOME ILIYOLALA KAMA MTU

Hatukuingia ndani mara moja. Nilitaka kwanza auone umbo lake kwa nje, kwani ngome husomwa kuanzia ukutani.

Ngomeni imekaa juu ya mwamba wa tumbawe penye mdomo wa bandari ya kale, mahali ambapo kila jahazi liingialo au litokalo halina budi kupita mbele yake. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kufikia 1596 ilikuwa imesimama, kwa amri ya Mfalme Philip, ambaye wakati huo alitawala Uhispania na Ureno kwa pamoja. Aliyechora ramani yake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Wajenzi wa Italia wa zama hizo waliamini kwamba jengo lililokamilika lapasa kufuata vipimo vya mwili wa mwanadamu. Ndiyo maana ukiitazama Ngomeni kutoka juu, kama ndege aionavyo, utaona mtu aliyelala chali: kichwa amekielekeza baharini, mikono ameitanua, na miguu ameikita upande wa bara.

Mikono na miguu hiyo ni buruji, yaani ngome ndogo za pembeni. Ziko nne, nazo zilipewa majina ya watakatifu wa Kikristo: S. Mathias na S. Mateus kwa upande wa bahari, S. Filipe na S. Alberto kwa upande wa nchi kavu. Kila buruji imetokeza nje ya ukuta ili askari aliye juu yake auone ukuta wa jirani kwa ubavuni, na amlenge kila ajaribuye kuupanda. Hakuna pembe iliyoachwa bila jicho. Kuta zenyewe zimepanda takriban mita 15, na sehemu zao za chini si za kujengwa bali ni mwamba wenyewe uliochongwa.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini akichora, mara akauliza: "Babu, mbona shimo lenyewe liko upande huu?"

"Shimo lipi?"

Akaelekeza kalamu kwenye handaki kavu lililochimbwa katika mwamba kwa upande wa bara. "Maadui si huja kwa meli? Mbona shimo na buruji zile kubwa ziko upande wa watu?"

Nimepita pembeni mwa handaki lile maisha yangu yote, wala sikupata kujiuliza swali hilo. Jibu la kijeshi ni jepesi: upande wa bahari walindwa na mwamba na maji, ilhali upande wa bara ni uwanda ambao jeshi laweza kujipanga. Lakini lipo jibu la pili. Wareno walifika hapa mara ya kwanza mwaka 1498. Mwaka 1505 waliupora mji wa Mvita na kuutia moto. Mwaka 1528 wakarudi na kuuteka tena, na wakauacha majivu. Mwaka 1589 wakaja mara nyingine kwa merikebu na mizinga. Mtu aliyeingia mtaa kwa namna hiyo, kisha akajenga nyumba humo, ajua fika ni nani wa kumwogopa.

"Waliogopa meli," nikamwambia, "lakini waliwaogopa zaidi majirani." Akaliandika neno hilo chini ya mchoro wake.

LANGO, KISIMA NA BIRIKA

Lango kuu liko upande wa mji, limejibanza ubavuni mwa buruji ya S. Mathias. Juu yake pana maandishi ya Kireno ya karne ya 17. Kapteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, ajisifu humo kwamba aliijenga ngome upya, akaitiisha miji ya pwani, na kuiadhibu ile iliyokaidi. Nilimweleza mjukuu wangu maana yake kwa maneno mepesi. Kila jirani aliyefika mlangoni hapo alikutana kwanza na habari za kushindwa kwake.

Ukipita lango, njia yapanda hadi kwenye ua mpana ulio katikati ya mwili wa mtu yule aliyelala. Kila kitu kimeuzunguka ua huo. Kuna misingi ya kanisa lililobomoka. Kuna mahali pa kambi za askari, ambapo leo pana makumbusho. Kwa upande wa kichwani, penye kuelekea bahari, palikuwa na nyumba ya kapteni, ambapo baadaye maliwali wa Kimazrui walifanya ukumbi wao wa baraza na kuupamba kwa maandishi ya Kiarabu. Katika buruji ya S. Filipe ipo nyumba iliyojengwa wakati wa Waomani. Na kuna njia iliyokatwa ndani ya mwamba kuteremka hadi baharini, ili watu na shehena viingie kutoka kwenye vyombo bila kupitia mjini.

Kisha tukafika kisimani. Wareno walichimba humo zaidi ya mita 20 wakitafuta maji, na walipoyapata yalikuwa ya chumvi, yasiyofaa ila kuogea na kufulia. Hivyo palijengwa birika la kutega mvua. Ngome yenye kuta za mita 15, iliyochorwa na fundi aliyetolewa Italia, ilitegemea mawingu kwa maji ya kunywa!

Nikamketisha mjukuu wangu kivulini nikamhadithia habari mbili, na napenda nanyi mzisikie.

Ya kwanza ni ya Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa mfalme wa Mombasa, akagombana na kapteni wa Ngomeni, na uhasama huo ukaishia kwa kuuawa kwake. Mtoto akachukuliwa na Wareno hadi Goa, akalelewa huko, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kuja kutawala. Mnamo Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake kana kwamba aja kumzuru kapteni. Siku hiyo ngome ikawa yake. Hakuuparamia ukuta wala hakuvuka handaki. Alipita langoni kama mgeni, kwa sababu ukuta hauwezi kumzuia aliyekwisha dhulumiwa ndani yake.

Ya pili ni ya mazingiwa makubwa. Mnamo Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yaliizingira Ngomeni, nayo haikuanguka hadi Disemba 1698. Ndani yake hawakuwamo Wareno peke yao. Walikuwamo pia watu wengi wa pwani, wanaume, wanawake na watoto, ambao kwa sababu zao walikuwa upande wa Wareno. Waislamu walikuwa pande zote mbili za ukuta. Maradhi yakaingia na kuua zaidi kuliko risasi. Mwaka 1697 ulifika wakati ambapo askari wa Kireno walikuwa wamekufa, na ulinzi wote ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika 8, na wanawake 50.

Mama zangu na dada zangu, isomeni hesabu hiyo polepole. Wanawake 50 walikuwa ndio wengi wa waliobaki wima. Walikesha juu ya kuta ambazo hawakuzijenga, wakilinda ngome ya mfalme asiyejua kama wapo. Baada yao wakaja askari wapya kutoka Goa, nao wakafa kama wa kwanza. Na siku Waomani walipoingia, watetezi waliosalia hawakuzidi watu kumi na kitu. Majina ya wanawake wale hayakuchongwa juu ya lango lolote.

Hesabu ya jumla ni hii: kati ya mwaka 1631 na mwisho wa karne ya 19, Ngomeni ilitoka mkono mmoja hadi mwingine angalau mara tisa. Wareno, Waomani, Wamazrui, majeshi ya Sayyid Said aliyeichukua mwaka 1837, kisha Waingereza, ambao mwaka 1895 waliigeuza jela. Ikabaki jela hadi 1958. Baadaye ikawa makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuta ni zile zile kwa wote, wala hazikumfaa yeyote kati yao kwa muda mrefu.

KUTOKA LANGONI HADI MSIKITINI

Tulipotoka tulielekea kaskazini kwa barabara ya Mbarak Hinawy, na hapo mjukuu wangu akalalamika kwamba karatasi yake haifai tena. Ngomeni aliweza kuichora kwa rula. Mji ulimkataa.

Nikamweleza kwamba mji huu nao una mpango wake. Zama za Wareno mji wa wenyeji, yaani Mvita, ulikuwa upande wa kaskazini, na Wareno wenyewe walikaa baina ya mji huo na ngome yao, wakiwa na barabara yao kuu ambayo leo twaijua kwa jina la Ndia Kuu. Karne zilivyopita nafasi zile zikajazana, Mswahili, Mwarabu, Mhindi na Mbaluchi wakajenga ukuta kwa ukuta, na leo Mji wa Kale unaohifadhiwa kisheria una ukubwa wa takriban hekta 72.

Angalia jinsi ulivyopangwa. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba moja iitie kivuli nyingine, na upepo wa bahari upite humo kama mferejini. Vimepinda, hivyo mpita njia haoni mbali, na macho yake hayaingii ndani ya nyumba za watu. Aghalabu mlango hautazamani na mlango wa jirani, kwa kulinda sitara ya wenye nyumba. Juu kuna roshani za mbao zilizotiwa nakshi, ambamo mama wa nyumba hupata hewa na kuona yanayopita bila ya yeye kuonekana. Chini, nje ya mlango, pana baraza la mawe. Baraza hilo limejengwa kwa gharama ya mwenye nyumba, lakini anayelikalia ni yeyote: hamali aliyechoka, mzee anayesubiri adhana, muuza kahawa na buli lake.

Na milango yetu nayo imeandikwa, kama lile lango la Ngomeni. Lakini mingi utaikuta imechongwa jina la Mwenyezi Mungu, au dua, au mwaka nyumba ilipojengwa. Mgeni afikapo hukutana kwanza na Bismillahi.

Tukafika Msikiti wa Mandhry, mweupe, wenye mnara unaosonga kadiri unavyopanda juu. Mapokezi ya mji yasema ulianzishwa mwaka 1570. Mjukuu wangu akapiga hesabu kwa vidole, kisha akaniangalia. "Kwa hiyo msikiti ni mkubwa wa Ngomeni kwa miaka 23?" Nikamwambia ndiyo, tena haukuwa na handaki wala mzinga. Ulikuwa na kisima karibu yake, na saa tano za siku ambazo watu hujipanga humo bega kwa bega. Kila mtawala aliyeingia Ngomeni aliukuta msikiti, na kila aliyetoka aliuacha.

NYUMBA YA KUZE

Kutoka hapo tukakata vichochoro hadi Kuze, nyumbani kwa dada yangu mkubwa, ambaye ndiye akaaye katika nyumba ya baba tangu alipofiwa na mumewe.

Nyumba yetu si jumba. Ina baraza, ina mlango mmoja wa nakshi ambao kizingiti chake kimepasuka, ina kiwanda kidogo ndani, na nyuma ya kiwanda ina kisima. Kisima hicho kimechimbwa chini ya ukuta wa nyuma, nusu yake ndani na nusu nje. Upande wa ndani twateka sisi. Upande wa nje kuna mlango mdogo wa mbao unaofungukia kichochoroni, na kupitia huo huteka majirani. Nyanya ya baba yangu, aliyekijenga, alisema mlango ule usifungwe mchana, na maneno yake yalishikwa na mama yangu, na baada ya mama yakashikwa na dada.

Maji yake siku hizi yameingia chumvi. Hayanyweki tena. Hufaa kufulia, kuogea na kusafishia tu. Nilipolisema hilo, mjukuu wangu akasema, "Kama ya Ngomeni, Babu." Nikanyamaza, kwani hakukosea. Kisima cha Ngomeni na kisima cha Kuze maji yao ni yale yale. Tofauti ni mlango.

Na mji wetu mwaujua: mifereji hukauka siku kadhaa kwa wiki, na bei ya dumu moja la maji hupanda siku hizo hizo. Tulikaa kiwandani tukinywa kahawa kwa tende na kula mahamri ya dada, na muda huo mjukuu wangu alihesabu waliopita mlango mdogo. Walifika tisa. Mama mmoja na ndoo mbili. Watoto watatu na dumu moja. Msichana mwenye leso kichwani ambaye hakusema hodi ila aliita "Shangazi!" naye si wa ukoo wetu. Bibi mmoja hakuteka kitu. Alikuja kumwambia dada kwamba mke wa jirani wa pili amejifungua salama, na kwamba jioni zamu ya kupeleka uji ni ya nyumba yetu.

"Nyanya," mjukuu akamwuliza dada yangu, "mlango huu wafungwa saa ngapi?"

"Usiku twausukuma tu, mwanangu, paka wasiingie. Ufunguo wake hata siujui uliko."

Mtoto akarudi kwenye daftari lake, akakaa akiitafuna kalamu. Alikuwa akichora mpaka wa nyumba yetu, na alipofika kisimani hakujua apitishe wapi mstari.

SHAURI LA NDUGU

Alasiri wakafika ndugu zangu. Sisi ni wanaume wanne na wanawake watatu, na mirathi ya baba kwa sheria ya Mwenyezi Mungu ni mafungu 11: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Dada yangu mkubwa, aliyewauguza wazazi wetu wote wawili katika nyumba ile na kuipaka chokaa kila kabla ya Ramadhani, ana fungu moja katika 11. Mimi, niliyeishi Kisauni miaka 28, nina mawili. Sheria ni ya haki na sina neno juu yake. Mgao wa mirathi haukuwekwa kulipa mshahara wa anayelea nyumba. Deni hilo la pili liko juu yetu sisi, walezi wa dada zetu, nasi ndio tutakaoulizwa.

Nikaeleza bei. Nikaeleza kwamba mnunuzi ataka kuvunja na kujenga vyumba vya kupangisha, ikiwa atapata ruhusa. Ndugu wawili wakaafiki, mmoja aliyeko Maskati akasema kwa simu kwamba atafuata watakalosema wengine. Kisha nikamtazama dada.

Hakulia wala hakugomba. Alisema: "Uzeni, ndugu zangu. Haki yenu siizuii, wala sitaki mtu adhikike kwa ajili yangu. Lakini mtakapomleta huyo bwana kuitazama nyumba, msimpitishe mlango mkubwa peke yake. Mpitisheni na mlango mdogo, mumwambie ni nani hupita hapo. Asije akasema hakuambiwa."

Nimesomesha fiqhi ya biashara kwa zaidi ya miaka 20. Nimewaeleza wanafunzi mara nyingi kwamba muuzaji hana ruhusa ya kuficha kilichomo katika bidhaa yake. Sikupata kufikiri kwamba jirani naye yumo katika nyumba. Usiku ule nikampigia dalali na kumwuliza mnunuzi atafanya nini na kisima. Jibu lilikuja upesi: kisima kitafukiwa, nguzo itasimama hapo, na nyuma kutakuwa na ukuta mzima.

Ukuta mzima upande wa watu. Nikalikumbuka handaki.

Ndugu wasomaji, sikuwajia leo kusema kwamba kuuza nyumba ya urithi ni haramu. Si haramu. Wako wanaouza kwa dhiki ya kweli, na Mwenyezi Mungu ajua nyoyo. Wala sisemi kwamba shauri letu limekwisha, kwani halijakwisha. Ndugu zangu wawili bado wanahitaji fedha, na deni langu bado liko shingoni. Lakini tulipokutana mara ya pili tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, kwamba mshirika aarifiwe kabla ya mgeni, kama dini yetu inavyotufundisha katika haki ya shufaa: anayetaka kuuza fungu lake atupe nasi nafasi ya kulinunua, hata kama ni kwa kulipa kidogo kidogo. Pili, kwamba kisima na mlango mdogo vitolewe wakfu kwa maandishi, mbele ya mashahidi na kwa njia inayotambuliwa na sheria, ili yeyote atakayeimiliki nyumba baadaye, awe wetu au mgeni, aikute njia ile ikiwa ya watu. Dalali nimemwambia asubiri. Hakufurahi.

Na kwenu nyote wenye fungu katika nyumba za zamani, iwe Mombasa, Lamu, Malindi au Vanga, nina nasaha. Kabla hamjamwita mpimaji aje na kamba yake, ipimeni nyumba wenyewe kwa namna nyingine. Simameni kila penye mlango, mwangalie watazama wapi na hupitwa na nani. Waulizeni wanawake wanaoishi humo, kwa kuwa wao ndio wajuao majirani, ni nani hutegemea nini: kivuli cha ukuta, baraza la kukalia, maji, au sauti ya mtu wa kumwita usiku wa manane. Wengi wao wana fungu dogo katika makaratasi, na pengine hakuna aliyewaalika barazani. Waalikeni. Baada ya hapo mkiuza, uzeni mkijua mnachouza. Sote tumefundishwa jinsi Jibril (A.S.) alivyomuusia Mtume wetu (S.A.W.) juu ya jirani, hata akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika mirathi.

Mjukuu wangu alipeleka ramani yake shuleni Jumatatu. Ngomeni aliichora vizuri sana, buruji zote nne na majina yake, handaki, lango na kisima. Upande wa mji aliandika jina la msikiti na mwaka wake. Chini pembeni akaichora nyumba ya Kuze. Mwalimu alimpa alama nzuri, lakini kwa kalamu nyekundu akamwandikia kwamba mstari wa nyumba moja haukukutana, na akamtaka aumalizie.

Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia amweleze mwalimu wake kwa adabu kwamba hapo pana mlango.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie majirani zetu, awarehemu waliotujengea, na atujaalie tuwe wenye kuacha njia wazi nyuma yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.